Dokta wa Karema aliyesomea visiwani

Washikaji wa Mpanda, ukitaja visiwa wote mnawaza Zanzibar. Leo twende Malta, visiwa vya Mediterania kusini mwa Italia, vilivyopata uhuru kwa Mwingereza 1964. Watu wanaishi Malta yenyewe, Gozo na kidogo Comino. Kinachonichekesha ni lugha yao: kina asili ya Kiarabu hicho Kimalta, ndiyo maana sita ni 'sitta' na kitabu ni 'ktieb'!

Sasa sikieni. Adrian Atiman alizaliwa kandokando ya mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto. Mapadri wakamkomboa kule Algeria, akasomea udaktari Malta, na 1889 akaingia hapo Karema, ziwani kwetu. Shuleni tulikaririshwa magavana wa Kijerumani, huyu wala! Alitibu watu wa Karema zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki 1956.