MUGENI KATIKA MUJI WA HIROSHIMA



Katika somo la jeografia, mwenzetu mumoja aliuliza: "Mutu wa kwetu akifika mara ya kwanza katika muji mukubwa wa Japani, ataanzia wapi?" Tulicheka, kwa sababu hata feza ya kufika Kinshasa hatuna. Lakini swali lile lilibaki katika kichwa changu. Miye sijafika Japani. Nimesoma vitabu, nimetazama ramani, na leo nataka kuwafasiria muji moja tu: Hiroshima. Tokyo ni mukubwa zaidi, lakini sikuichagua. Sababu yangu mutaiona mbele.

1. KUFIKA

Hiroshima ni muji wa watu zaidi ya milioni moja. Umejengwa pale muto Ota unapogawanyika mbele ya kuingia katika bahari, kwa hiyo mugeni anavuka madaraja mengi. Kutoka Tokyo, gari ya moshi ya mbio, iitwayo Shinkansen, inafika kwa muda wa saa ine hivi. Kwenye kituo, alama zimechorwa chini pale mulango wa gari utakapofunguka, na watu wanajipanga kwa mustari nyuma ya alama. Hapana kusukumana! (Wale wa mwaka wa pili wasikie. Ninawaona kila siku mbele ya chumba cha kula.)

2. KUTEMBEA KATIKA MUJI

Kitu rahisi kwa mugeni ni tramu, gari inayotembea juu ya reli katikati ya barabara. Panda namba 2 kwenye kituo kikubwa. Utalipa wakati wa kushuka. Ukienda kwa miguu, kumbuka kwamba kule magari yanapita upande wa kushoto, si sawa kwetu. Mbele ya kuvuka barabara, tazama kwanza kuume, ao utagongwa.

Njia nyingi za Japani hazina majina. Wanahesabu vipande vya muji, kisha nyumba ndani ya kila kipande. Hata Mujapani mwenyewe anapotea. Ukipotea, tafuta koban: ni kituo kidogo cha polisi, na watu wanazoea kuuliza njia pale. Sema "sumimasen", maana yake "unisamehe", kisha onyesha ramani yako.

Feza yao ni yen. Matabishi si desturi ya kule. Ukiacha feza juu ya meza, mwenye hoteli anaweza kukukimbilia njiani juu ya kukurudishia.

Chakula cha Hiroshima kinaitwa okonomiyaki. Wanapika mukate mwembamba sana wa unga juu ya chuma cha moto, wanaongeza shu nyingi, nyama ya nguruwe, makaroni marefu na yai. Mutu moja anashiba.

Ile ile tramu namba 2, ukibaki ndani mpaka mwisho, zaidi ya saa moja, inakufikisha kando ya bahari. Pale unapanda mashua kwa dakika kumi hivi, unafika kisiwa cha Miyajima. Kuko mulango mukubwa mwekundu wa hekalu, umesimama ndani ya bahari. Maji yakishuka, watu wanatembea kwa miguu mpaka chini yake.

Lakini mbele ya kufika huko, tramu inasimama mahali ambapo hakuna mugeni asiyeshuka.

3. NYUMBA ISIYO NA PAA

Utaona nyumba iliyovunjika kando ya muto, na juu yake kuko vyuma vitupu. Ilijengwa mwaka wa 1915 juu ya kuonyesha vitu vinavyotengenezwa katika jimbo. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na dakika 15 asubuhi, ndege ya Waamerika iliangusha bombe ya atome. Ililipuka juu, kama metre 600 toka chini, karibu na nyumba ile. Mpaka mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa. Nyumba wameiacha vile vile, kusudi watu waione.

Ngambo ya muto kuko bustani na nyumba ya ukumbusho iliyofunguliwa mwaka wa 1955. Hapana kupita mbio mule. Kuko gamele ya mwanafunzi mumoja, na ndani yake chakula kimekuwa makaa. Asubuhi ile, maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 walikuwa inje wakibomoa nyumba, kusudi moto wa vita usienee. Wengi wao hawakurudi.

Miye ninawahesabu ninyi kila asubuhi kwenye mustari. Mumoja akikosa, naanza kumutafuta. Niliposoma jambo lile la gamele, nilifunga kitabu, sikusoma tena siku ile.

Siku tatu tu kisha bombe, tramu ya kwanza ilianza tena kutembea katika sehemu moja ya muji.

4. JIWE LA KWETU

Hii ndiyo sababu yangu. Bombe ile ilikuwa ya uranium, na sehemu kubwa ya uranium ya Waamerika ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, hapa hapa Katanga. Mwaka wa 1940, Union Minière ilituma tani zaidi ya 1,000 za mawe yale mpaka New York. Mwaka wa 1942 jeshi la Amerika likayanunua. Baba zetu waliochimba hawakuambiwa yatafanya kazi gani.

Bombe hatukuitupa sisi, wala hatukuulizwa. Lakini mutu wa Katanga akisimama mbele ya nyumba ile, hawezi kusema: "Haya ni mambo ya wengine." Jiwe letu lilitangulia kufika.

Basi, kwa yule aliyeuliza, jibu langu ni hili: utaanzia kwenye tramu namba 2. Na kama mutu wa kule atakuuliza umetoka wapi, usiseme Kongo tu. Sema Katanga, na ujue unasema nini.

Kama mwalimu wa historia ameona kosa, anisahihishe katika gazeti lijalo.

Musimamizi wa wanafunzi, mwaka wa sita