Uvunguni na Juu ya Linta

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Ingiza kitanda cha tano kwa sita, 30 zimekwenda. Likija kabati, jiko na madumu ya maji, watu wanaanza kupishana kiubavu. Mpangaji analalamika kwamba chumba ni kidogo, na ana haki. Ila chumba hichohicho kina futi 9 kwenda juu, na mlango unaishia kwenye futi 7. Zile futi mbili za juu ya linta, kuta zote nne, mara nyingi hazina kazi yoyote.

Mafundi wa zamani wa Lamu walilijua jambo hili. Boriti za mikoko walizotumia hazikuruhusu chumba kuzidi sana upana wa mita 3, kwa hiyo vyumba vyao vilikuwa vyembamba. Lakini kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, nao wakaziwekea zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta, safu juu ya safu, kwa ajili ya vyombo vya kaure. Vyombo vikakaa ukutani, sakafu ikabaki ya watu. Ukuta wetu wa tofali la inchi 6 hauna unene huo, lakini rafu ya mbao yenye kina cha sentimita 30, ikipita juu ya mlango na dirisha, inafanya kazi ileile. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, kisha ukuta utobolewe kwa drili na rafu ifungwe kwa plagi na skrubu; msumari hupasua plasta na baadaye hulegea. Huko juu weka vyepesi usivyovihitaji kila siku: mablanketi, mabegi matupu, chandarua cha akiba. Vizito vibaki chini. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na halina ruhusa ya kupita kimo cha goti.

Sasa uvungu. Vitanda vingi vya mbao huachwa na uvungu wa sentimita 20, ambao hauingizi kitu cha maana zaidi ya viatu na vumbi. Mwambie seremala airefushe miguu ya kitanda ili uvungu ufike 40. Hapo unapata zaidi ya mita 1 ya ujazo, wakati kabati la milango miwili la sentimita 80 kwa 50 kwa 180 lina 0.72 tu. Nimeona familia zikiuza kabati baada ya kazi hiyo ya miguu minne, na ninaipendekeza kuliko kununua samani yoyote mpya.

Kwa wakazi wa pwani, unyevu ni adui wa kweli. Acha upana wa vidole viwili kati ya kabati na ukuta wa nje ili hewa ipite. Nguo za sherehe zianikwe zikauke kabisa kabla ya kuingia sandukuni, na zitolewe tena masika yakiisha, la sivyo zitaota ukungu.

Na mtungi wa gesi, hata ule wa akiba, usiingie uvunguni wala kwenye kabati lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama pale penye uwazi wa chini, yaani chini ya godoro mnalolalia. Usimamishe wima karibu na mlango, mahali panapopita hewa.