Usiwaulize Kama Imewapendeza

Dakika mbili za mwanzo wa filamu ya kusisimua ni ngumu kuzitengeneza kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini kuzipeleka kwa watu ili wazitolee maoni ni kazi nyepesi. Hazihitaji ukumbi wala tiketi. Mwanafunzi wa sekondari ya kata aliye Kinjumbi, upande wa kaskazini wa wilaya ya Kilwa, anaweza leo kurekodi kwa simu, akahariri kwa simu hiyo hiyo, na kabla ya magharibi akawa ameshawaonesha watu kumi na tano. Ugumu unaanza anapowauliza wameionaje. Watamwambia nzuri. Watamwambia hongera, endelea hivyo hivyo, utafika mbali. Atalala na furaha, na kesho yake akiifungua kazi ile hatajua akate wapi wala aongeze nini. Watu wale hawakumdanganya. Aliyealikwa kutazama kazi ya mtoto wa jirani, huku mama wa mtoto amekaa mkekani pembeni, hakuitwa pale kuwa hakimu, na kumjibu kijana kwa upole ni adabu aliyolelewa nayo. Kosa limo kwenye swali. Hoja yangu ni kwamba anayetengeneza filamu ya taharuki hapaswi kuomba hukumu ya watazamaji hata kidogo. Aulize wanajua nini mpaka hapo, wanangoja nini kitokee, na ni wapi walipotea njia.

Nasema hivyo kwa sababu taharuki yenyewe imejengwa juu ya ujuzi wa mtazamaji. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano ambao walimu wa filamu wanautumia hadi leo. Watu wawili wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji atashtuka kwa sekunde kumi na tano, basi. Lakini mtazamaji akioneshwa bomu likitegwa, akajua saa ya kulipuka, mazungumzo yale yale ya kawaida yatamtesa kwa robo saa nzima, maana anatamani kuwapigia kelele waondoke. Tofauti ya hali hizo mbili haiko kwenye bomu wala kwenye waigizaji, iko kwenye kichwa cha anayetazama. Kwa hiyo mwanzo wa filamu ya namna hii ni kazi ya kugawa habari: hii mpe sasa, hii mfiche, hii mdokeze nusu. Mgawo huo mtengenezaji hawezi kuukagua peke yake, kwa sababu yeye anajua kila kitu tangu picha ya kwanza na hana namna ya kurudi kuwa mtu asiyejua.

Tuchukue mfano wa kubuni wa filamu ya wanafunzi. Ni msimu wa ufuta, jioni inaingia, na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yuko peke yake ghalani. Anahesabu magunia kwa tochi ya simu, kidole kinashuka kwenye daftari mstari kwa mstari, anasita, anarudia kuhesabu. Nje inasikika bodaboda. Inazima taa kwanza, halafu injini. Karani anafunga daftari, analisokomeza katikati ya magunia mawili, anazima tochi. Mlango unasukumwa taratibu, skrini inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea. Kwa wanafunzi walioiandika, kila kitu kiko wazi: magunia yamepungua, karani ni mtu mwaminifu aliyegundua wizi, na anayesukuma mlango ndiye mwizi. Sasa simamisha picha hapo hapo kwenye weusi, mwulize mtazamaji maswali matatu tu. Nani yuko mlangoni? Karani anaogopa nini? Umejuaje? Inawezekana kabisa nusu ya watazamaji wakajibu kwamba mwizi ni karani mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeficha daftari. Swali la kama imewapendeza lisingeliibua jibu hilo kamwe, maana wangeweza kuipenda sana na bado wakawa wametazama hadithi nyingine. Hapo waandishi wana uamuzi mzito mbele yao. Waongeze picha moja ya uso wa karani akishtuka kuona hesabu haifiki, au waikumbatie dhana hiyo ya watazamaji na kuiacha iwapotoshe mpaka katikati ya filamu? Vyovyote watakavyoamua, wataamua wakijua.

Katika mfano huo huo, mkulima mtu mzima atauliza jambo ambalo mtaalamu wa kamera hatalifikiria: mlinzi yuko wapi? Ghala lenye ufuta wa kijiji kizima haliachwi na mtu mmoja gizani. Swali hilo linaweza kuonekana dogo, lakini mtazamaji anayejiuliza mlinzi yuko wapi ameshaacha kuogopa. Tena mkulima huyo, anayeuza kwa stakabadhi ghalani, anajua kwamba magunia yale ni ya watu wengi wanaosubiri mnada na malipo, hivyo upungufu wa magunia kumi ni ada za shule na bati za nyumba za watu anaowafahamu kwa majina. Hofu inampata bila kuelezwa. Mpelekee mtazamaji wa Kariakoo picha zile zile, ataona magunia tu. Ndiyo maana jibu la kundi moja halitoshi: filamu inayoeleweka Kinjumbi pekee na filamu inayomchekesha mtu wa Kinjumbi kwa kukosea mambo ya ghala zote zina kasoro, na kila kundi linaiona kasoro ambayo jingine haliioni.

Kuhusu utaratibu wenyewe, mambo machache yana uzito mkubwa. Asiwepo mtu wa kueleza filamu kabla haijaanza, kwa kuwa maelezo ya dakika moja yanaharibu jaribio lote. Anayeuliza maswali asiwe aliyetengeneza, wala mwalimu atakayeisahihisha. Vijana na wazee waulizwe mbali mbali, kwa sababu mbele ya mzee kijana atangoja mzee aseme kwanza, kisha atakubaliana naye. Dodoso la karatasi linatumika sana mashuleni kwa kuwa ni rahisi kulihesabu, lakini kwa mwanafunzi karatasi yenye maswali na nafasi za kujaza inafanana na mtihani, naye atatafuta jibu sahihi badala ya kusema alichokiona, na kwa asiyezoea kuandika ni kikwazo kitupu. Ni bora kumwomba kila mtu aisimulie filamu kwa maneno yake, kana kwamba anamsimulia ambaye hakuwepo, na kumrekodi sauti kwa idhini yake. Anachokiruka katika kusimulia ndicho ambacho filamu haikumfikishia. Wakati picha inaendelea, mtengenezaji aiache skrini, atazame watu: sekunde gani mmoja alishika simu yake, wapi minong'ono ilikoma, wapi mtu alicheka pasipostahili. Na filamu ioneshwe kwa chombo ambacho watu wanakitumia. Pumzi ya karani gizani iliyosikika vizuri kwenye spika za masikioni wakati wa kuhariri inaweza kupotea kabisa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza barazani, na bila pumzi ile hakuna hofu.

Afrika Mashariki ina historia yake ya kukusanya maoni ya watazamaji, na sura yake ya kwanza inaonesha jinsi kazi hii inavyoweza kwenda kombo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikita kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi za jirani. Mojawapo ilihusu akiba ya posta: kibarua mmoja anaweka mshahara wake benki ya posta, mwenzake anaufukia ndani ya nyumba huku mwizi akimchungulia. Ni taharuki kamili, bomu chini ya meza. Viongozi wa mradi walijali sana kujua filamu zao zinapokewaje, lakini waliegemea mno wanachokisema maofisa, walimu na wamisionari kuhusu watu waliokaa chini kutazama, na swali lililowasumbua lilikuwa kama akili ya Mwafrika inaweza kuifuata picha. Mtazamaji alichunguzwa, hakuulizwa. Picha isipoeleweka, kasoro ilitafutwa kwake kabla ya kutafutwa kwenye picha. Mwalimu wa leo anayesema wanakijiji hawawezi kuijadili filamu kwa sababu hawajasomea anairudia dhana hiyo bila kujua imetoka wapi.

Miaka sitini baadaye, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, jambo lilifanyika kinyume chake. Ndani ya programu ya maendeleo ya vijijini ya RIPS, iliyofadhiliwa na Finland, watengenezaji wa video akiwemo Lars Johansson, na baadaye kikundi cha Maneno Mengi, waliwarekodi wanavijiji wakijadili shida zao, ukiwemo uvuvi wa baruti uliokuwa ukiangamiza miamba ya pwani hii. Kisha waliwaonesha wenyewe walichorekodi, wakaacha mjadala uendelee, wakarekodi tena. Zile hazikuwa hadithi za kubuni, na lengo halikuwa kumtia mtu hofu. Lakini zilithibitisha jambo linalohusu hoja hii moja kwa moja: watu wa ukanda huu, wakiulizwa maswali ya maana juu ya picha wanazoziona, wanazijadili kwa kina, wanasahihisha, wanadai kilichoachwa kiongezwe.

Na ushahidi mwingine ulikuwa mbele ya macho yetu katika vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonesha video. Derek Mukandala, anayefahamika zaidi kama Lufufu, alijijengea jina Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji kabla kanda zake hazijaanza kuuzwa. Hakufasiri neno kwa neno. Alitambulisha nani ni nani, akaeleza kisa kilichotangulia, akaongeza alipoona watu wameachwa nyuma. Msimulizi wa kibandani anazisoma nyuso kila dakika na kurekebisha maelezo yake hapo hapo, kama ambavyo mtambaji wa ngano asiyeitikiwa vizuri hubadili sauti. Filamu iliyokwisha hifadhiwa kwenye simu haiwezi kujirekebisha ikiwa inaendelea. Kinachobaki ni kukusanya nyuso zile kabla ya toleo la mwisho.

Wapo wanaopinga, na pingamizi lao lenye nguvu ni kwamba hadhira huua sanaa. Mwaka 1942, baada ya onesho la majaribio lililokwenda vibaya huko Pomona, California, kampuni ya RKO ilikata zaidi ya dakika 40 za filamu ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons, ikabandika mwisho mwingine Welles mwenyewe akiwa Brazil, na vipande vilivyokatwa havikupatikana tena. Ni hasara ya kweli, na anayeikumbuka ana haki ya kuogopa. Ila tazama kilichotokea: kampuni ilichukua manung'uniko ya ukumbi mmoja ikayafanya amri, na mkono uliokata haukuwa wa msanii. Linganisha na Sunset Boulevard ya Billy Wilder, iliyotoka mwaka 1950. Mwanzo wake wa awali ulikuwa chumba cha maiti, marehemu wakizungumza jinsi walivyokufa. Ulipooneshwa kwa majaribio Evanston, Illinois, watu waliangua kicheko mahali palipokusudiwa kuwatisha. Wilder hakuwaomba wamwandikie mwanzo mpya. Aliona tu kwamba kilichofika kwao sicho alichokituma, akautupa, akaanza na maiti inayoelea bwawani huku sauti yake marehemu ikisimulia. Marehemu bado anaongea. Wazo lilibaki, njia ndiyo iliyobadilika. Hadhira inatoa habari ya kilichoipata, na dawa anaitafuta mtengenezaji. Mtazamaji akisema weka muziki wa kutisha hapo, kinachofaa kuandikwa ni kwamba mahali pale hakuogopa.

Wengine watasema watu kumi na tano ni wachache mno. Ni kweli, kama unataka kujua ni asilimia ngapi ya Watanzania watainunua filamu. Lakini iwapo kumi kati yao hawakutambua kwamba bodaboda ilizima taa makusudi, picha ile ya taa imeshindwa, na kuongeza watu mia hakutaifufua. Pingamizi la kwamba mwanzo hauwezi kupimwa bila filamu nzima nalo lina ukweli nusu. Huwezi kupima kama siri imetunzwa vizuri mpaka mwisho, lakini unaweza kupima kama mtu ametamani kuijua, na hiyo ndiyo kazi pekee ya dakika mbili zile.

Jambo hili lina haraka yake. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeingiza mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani zake. Shule zitakazofundisha filamu bila studio, bila kamera za bei kubwa, bado zina hadhira nje ya geti, na hilo wanafunzi wengi wa mijini wanaoshindana kwa vifaa hawalioni kuwa utajiri. Mwalimu anaweza kuamua alama zitolewe pia kwa toleo la pili: mwanafunzi aeleze watu walielewa nini katika toleo la kwanza, amebadili nini, na kipi amekataa kukibadili na kwa sababu gani. Toleo hilo la pili lazima lipelekwe kwa watu wapya. Wale wa kwanza wameshajua nani yuko mlangoni.