Rika Limebaki, Shamba Limekwisha

Zamani, mtoto wa kiume wa Kiarusha aliyezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru hakuwa na haja ya kuulizwa atakuwa nani akikua. Angechunga ndama, kisha mbuzi, kisha ng'ombe. Angetahiriwa pamoja na wenzake awe morani, angeoa, angekatiwa sehemu ya shamba, na mwishowe angeketi na wazee kuamua mashauri. Kila hatua ilikuwa na alama yake. Mtoto alimwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Siku alipopewa mkono badala yake, watu wote walijua kwamba amevuka.

Utaratibu huo umesimama juu ya rika. Vijana wanaotahiriwa katika kipindi kimoja, cha takriban miaka 15, hupewa jina moja na kulibeba hadi uzeeni. Wazee wa rika la pili juu yao, olpiron, huwalea: huwafunza, huwakemea na kuwabariki. Kwa hiyo hakuna aliyekua peke yake, wala aliyejitangazia mwenyewe kwamba sasa ni mtu mzima.

Lakini ahadi ya utaratibu huo, kwamba kila kijana angeoa na kukatiwa shamba, ilihitaji ardhi. Katika karne ya 19, kijana aliyekosa shamba alipanda juu akafyeka msitu. Wakoloni wakaja kuufunga mlima: juu wakaweka hifadhi ya msitu, chini wakawagawia walowezi mashamba makubwa. Wameru, jirani zetu wa mashariki, walibanwa vilevile. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, akafika New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa.

Baada ya hapo hesabu ilijifanya yenyewe. Kwa desturi, shamba alilolima kila mke hurithiwa na wanawe. Wakiwa wanne, na kila mmoja akazaa wana wanne, mjukuu anaambulia sehemu moja ya kumi na sita. Wakati huohuo mji wa Arusha umepanda kuelekea mlimani. Sanawari, Sakina, Kimandolu na Moshono, kulikokuwa na migomba na kahawa, leo kuna nyumba za kupanga, maduka na vituo vya bodaboda.

Hapo ndipo kijana wetu anapokwama. Ametahiriwa, ana jina la rika, wazee wamembariki na kumwambia kuwa sasa ni mwanamume, ila hana pa kujenga. Wengine huenda Mererani kuwa wanaapolo, wakiitafuta tanzanaiti chini ya ardhi. Wengine hubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro au huendesha bodaboda mjini. Wengi hufanya kazi kwa bidii zaidi kuliko baba zao, na bado hujiona wameshindwa, kwa sababu wanajipima kwa kipimo cha shamba ambalo halipo.

Kwa binti mambo yamekwenda kinyume. Desturi ilimtarajia aolewe na kuondoka, bila urithi. Sasa wapo wanaouza ndizi na maziwa katika soko la Tengeru, wanaoweka akiba kwenye vikoba, na walionunua viwanja kwa majina yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume, ingawa katika vikao vingi vya ukoo bado anahesabiwa mgeni. Maisha yake yamezidi yale aliyotazamiwa utotoni, na hilo ni jambo la kufurahia bila kusitasita.

Ndiyo maana nasema tusililie kila kilichopita. Shamba halitaongezeka, lakini malezi ya rika hayahitaji ekari hata moja. Olpiron wanaweza kumfunza kijana namna ya kutunza fedha, kumsimamia anapotafuta ufundi, na kumheshimu fundi aliyepanga chumba Sakina kama wanavyomheshimu mwenye migomba. Na baba awaite watoto wote, wa kiume na wa kike, mapema, awaeleze wazi ardhi iliyopo na isiyokuwapo. Wakiujua ukweli huo wakiwa bado wadogo, watakua wakitazamia maisha yanayowezekana, na hawatayaendea peke yao.