Madeni mawili yasiyofutana

"Hanipi mtoto, na mimi sitoi franga." Avoka wa Goma amelisikia neno hili mara nyingi kuliko salamu. Upande wa pili uko vilevile: mama anayemtuma mtoto kwa bibi yake Rutshuru kila zamu ya baba inapofika, kwa sababu posho ya matunzo haijaonekana. Wote wawili wanachukulia hukumu kama mapatano ya sokoni, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie.

Mbele ya juji mambo hayako hivyo. Posho ni haki ya mtoto, na kumwona mzazi wake ni haki yake pia, kwa hiyo mzazi mmoja akivunja upande wake hampi mwenzake ruhusa ya kuvunja wa kwake. Fungu la 591 la Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, linasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, tena hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Vivyo hivyo, wajomba wanaomzuia mtoto mpaka mahari ikamilike wanadai deni lao kwa kutumia mali isiyo yao. Magomvi ya matunzo na ya mamlaka ya wazazi yanapelekwa kwa tribinali ya watoto, iliyoundwa na sheria ya Januari 2009.

Asiyelipa anaweza kufuatwa mpaka kwenye mshahara. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa kulinganisha sheria za biashara, mwaka 2012, na kanuni zake zinampa mdai wa posho njia fupi: akiwa na hukumu inayotekelezeka, mwajiri anajulishwa, kisha sehemu ya mshahara inayoruhusiwa inakatwa kila mwezi. Njia hiyo inashika miezi ijayo na malimbikizo ya miezi 6 ya nyuma, na posho inatangulia madeni mengine yote. Inamfaa aliyeolewa na mfanyakazi wa shirika. Mwenye chukudu au mchuuzi wa Birere hana mwajiri wa kuandikiwa, na hapo avoka anabaki kutafuta kiwanja au mali nyingine. Anayekataa kwa makusudi huku uwezo anao anaweza pia kujikuta parketi. Naye anayemficha mtoto anajihatarisha kwa namna nyingine: malezi hayatolewi milele, na juji anaweza kuyahamisha kwa faida ya mtoto.

Mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mahakama za serikali zilisimama na benki zilifunga milango. Wadaiwa wengine walifanya sherehe, wakidhani hukumu zao zimeondoka pamoja na majuji. Hukumu haifi kwa sababu ofisi imefungwa. Posho ya kila mwezi usiolipwa inaongezeka juu ya ile ya mwezi uliotangulia, na mlango wa tribinali ukifunguka, faili litaanza na hesabu hiyo.

Kuvuka mpaka kuna hatari yake. Kutoka mtaa wa Katindo, Goma, mpaka Gisenyi ni mwendo mfupi, lakini hukumu ya Goma haina nguvu Rwanda mpaka mahakama ya huko iitambue. Mzazi anayevuka na mtoto bila kibali cha mwenzake anamwachia huyo mwenzake kesi mbili badala ya moja, na juji hatalisahau hilo siku ya kugawa malezi.

Aliyepoteza kazi kweli, na ni wengi, asijipunguzie posho mwenyewe kimyakimya. Kiasi kinabadilishwa na juji hali ya mlipaji inapobadilika. Wakati wa kumsubiri, atume anachoweza, amwandikie mwenzake sababu, na abaki na nakala. Afadhali atume kwa simu kuliko mkononi, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money ahifadhiwe, na pembeni yake iandikwe ni wa mwezi gani. Mama naye aweke daftari la zamu: tarehe, saa, nani alikuja, nani hakutokea.