Insha ya uraia haifunguliwi kwa methali

Insha ya uraia ni hoja kuhusu raia na serikali yake: nani ana wajibu gani, sheria inasemaje, na hali ya mtaani inalingana vipi na sheria hiyo. Mwanafunzi wa Sekondari Msingi nchini Kenya, yaani wa Gredi ya 7 hadi ya 9, anayeingia katika shindano la aina hii hupewa mada, kikomo cha maneno na tarehe ya mwisho. Waamuzi hutaka kujua kama ameielewa mada na kama anaweza kumshawishi msomaji asiyemfahamu. Lakini swali linaloulizwa kwanza nyumbani na shuleni, kila msimu, ni lile lile: insha ifunguliwe kwa methali gani?

Swali hilo ni la mtihani mwingine. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili iliandikwa kwa dakika 40 na kupewa alama 40. Mara nyingi mtahiniwa alitakiwa kusimulia kisa kilichoanza au kumalizika kwa maneno aliyopewa. Tamathali, tashbihi na methali zilikuwa na kazi humo, kwa kuwa kisa huhitaji hisia na taswira. Vikazuka vijitabu vya insha za mfano, na baada yake orodha za misamiati ya kukariri. Mtihani umeondoka, dawa yake bado inauzwa, na sasa inanyweshwa watoto wanaoandika kuhusu ugatuzi, haki za watoto na kodi.

Dawa hiyo haitibu chochote. Uchukuliwe ufunguzi unaojulikana na kila msahihishaji, kwamba wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa walipolonga kuwa umoja ni nguvu. Ufunguzi huo unatosha kwa insha ya ufisadi, ya mazingira, ya uchaguzi na ya usalama barabarani. Maneno yanayofaa kila mada hayawezi kuonyesha kwamba mwandishi ameielewa mada aliyopewa. Msomaji amefika mwisho wa sentensi na hajaambiwa lolote, na huenda karatasi iliyotangulia ilianza vivyo hivyo.

Methali pia si ushahidi. Asemaye kuwa haraka haraka haina baraka anaweza kujibiwa papo hapo kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni za kweli mahali pake, na hakuna hata moja inayoamua kama bajeti ya kaunti ipitishwe mwezi huu au irudishwe kwa wananchi wakaijadili. Mzozo wa uraia huamuliwa kwa sheria, kwa takwimu zinazoweza kukaguliwa na kwa mambo yaliyoshuhudiwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba msemo wa wahenga unamaliza ubishi amenyimwa ujuzi ambao shindano lenyewe liliwekwa ili aupate.

Halafu kuna suala la nafasi. Patriot's Pen, shindano la Veterans of Foreign Wars, chama cha wanajeshi wa zamani, kwa wanafunzi wa gredi ya 6 hadi ya 8 nchini Marekani, huruhusu maneno 300 hadi 400 tu. Ufunguzi wa maneno 40 hula sehemu ya kumi ya kikomo hicho kabla hoja haijaanza. Alama zake 100 hugawanywa hivi: 30 kwa kuijua mada, 35 kwa kuikuza na 35 kwa uwazi wa mawazo. Hakuna fungu la mapambo. Uwazi una alama 35, na neno gumu lililokaririwa bila kueleweka huupunguza.

Tofauti huonekana upesi mada inapokuwa maji. Insha ya mapambo itasema maji ni uhai, itamwaga tashbihi tatu, kisha itaililia serikali. Insha ya uraia itasema kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kwamba Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Na kwamba bomba la mtaani hutoa maji siku mbili kwa juma. Hapo msomaji ana haki, ana mwenye wajibu na ana pengo kati yao. Kilichobaki ni pendekezo, na pendekezo lina njia yake: kila mtu anaweza kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti.

Kumtaja mwenye wajibu ndiko kunakowaangusha wengi, na huo ni udhaifu ambao hakuna methali iwezayo kuuficha. Mwanafunzi anamlaumu mbunge kwa darasa la chekechea lisilo na paa, ilhali elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti na anayepaswa kuulizwa ni gavana pamoja na mwakilishi wa wadi. Mwingine anamlaumu gavana kwa shule ya msingi, ambayo iko chini ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne linasomeka kwa kikao kimoja. Muda unaotumiwa kukariri misemo mia moja unatosha kulisoma mara kadhaa na kuelewa ni ofisi ipi ya kubishiwa hodi.

Methali haikatazwi. Ikiibuka katikati ya hoja kwa sababu inasema jambo hilo hasa, kwa ufupi kuliko maneno mengine, iachwe. Nukuu za viongozi mashuhuri zinahitaji tahadhari zaidi, kwani nyingi husambaa zikiwa zimebandikwa jina la mtu asiyezitamka. Isiyojulikana ilisemwa wapi na lini ifutwe.

Maandalizi yenyewe ni mafupi. Mada isomwe mara tatu na kitenzi chake kipigiwe mstari, kwa kuwa "eleza" na "pendekeza" si kazi moja. Litafutwe tukio moja la karibu, si matano. Kifungu cha sheria kisomwe katika Katiba yenyewe. Aliyeona tukio aulizwe, iwe ni mama muuza mboga au mzee wa mtaa, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Jibu la swali liwekwe katika aya ya kwanza. Rasimu ilale usiku mmoja, isomwe kwa sauti, ipunguzwe. Mwalimu aulize maswali pembeni mwa karatasi bila kushika kalamu ya mtoto, mzazi vilevile. Insha iliyotungwa na programu ya kompyuta si ya mwanafunzi na isipelekwe. Mwisho maneno yahesabiwe na masharti yasomwe tena: Patriot's Pen, kwa mfano, hairuhusu mshiriki kujitambulisha ndani ya insha, hata kwa kutaja shule yake, na jina lake huandikwa kwenye fomu ya kujiunga.