Kwa Nini Kompyuta za Afisi Zilikawia Kufunguka

Wanachama wengi mliokuja afisini siku za mchumo mmelalamika, na mna haki. Mtu huondoka shamba alfajiri kuja kutazama hesabu yake, akifika dirishani huambiwa, "Ngoja kidogo, mashine haijafunguka." Baadhi yenu mlidhani karani ni mvivu. Napenda ijulikane kuwa karani hakuwa na kosa. Aliyekosea ni mimi, niliyeishauri Kamati inunue kompyuta mpya kwa fedha zenu.

Kompyuta zetu zatumia Windows, na zote zimefungamana na mashine moja iitwayo seva, ambayo ndiyo ijuayo majina ya watumishi na maneno yao ya siri. Karani akiandika neno lake asubuhi, kompyuta haina budi kuitafuta seva hiyo, nayo haijui ilipo, huuliza. Anayeulizwa huitwa DNS, mfano wa mzee wa mtaa ajuaye kila mtu akaa nyumba gani. Basi fundi aliyetutilia intaneti aliiondoa DNS yetu akaandika ya nje. Mzee huyo wa mbali anaijua mitaa ya dunia nzima, lakini jina la seva yetu ya ndani hajapata kulisikia. Kompyuta huuliza, hungoja, huuliza tena, na karani ameshika tama. Mwisho humfungulia kwa kumbukumbu yake ya zamani, lakini daftari la wanachama, lililomo ndani ya seva, halionekani.

Makarani wa matawi yenye seva, fungueni dirisha la amri, andikeni ipconfig /all, kisha someni mstari wa DNS. Pawe na anwani ya seva yenu tu. Ya nje msiitie hata nafasi ya pili, kwani kompyuta huweza kuishika hiyo. Seva yenyewe ndiyo iulize nje. Tazameni na saa: ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, mlango waweza kukataa kabisa. Na kama kompyuta ingali imeunganishwa na folda au printa ya mashine iliyokwisha kufa, ikateni, maana huitafuta maiti hiyo kila asubuhi.

Zetu zimekwisha sahihishwa, na gharama yake ilikuwa nauli ya fundi tu. Ombi la kompyuta mpya nimeliondoa mbele ya Kamati.

Katibu